Akoth na Sala ya Malakwang

Akoth wa mabeseni, ndivyo Kikuubo, ule mtaa wa maduka wa Kampala, ilivyomjua. Vita vilipokwisha na maduka kuanza kufunguliwa tena, alivuka mpaka wa Busia kutoka Kenya akiwa mjane kijana, na furushi la mabeseni ya plastiki na mdomo usiojua likizo, na haikupita miaka mingi akawa na duka lake la jumla. Jumapili alisimama kanisani kutoa ushuhuda, hata wiki ambayo hakikutokea chochote cha kushuhudia. Baba yake, mzee Owuor, alikuwa msomaji wa kanisa la Kianglikana kule Siaya. Uprotestanti Akoth aliunyonya pamoja na maziwa ya mama.

Lakini mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Koplo Saverio, polisi Mwacholi wa kambi ya Naguru, alikuja kununua beseni, akarudi kununua la pili na la tatu, mpaka Kikuubo nzima ikajiuliza kule kambini wanaoga mara ngapi. Tatizo ni kwamba Saverio alikuwa Mkatoliki, na shangazi yake Aloyo, aliyemlea, alikuwa Mkatoliki wa kutundika rozari hadi jikoni. Bila baraka ya Aloyo, ng'ombe wa mahari hawatoki.

"Sema tu umekubali kubadili dini," Saverio alimsihi. "Tukishaoana, nani atakufuata?"

Akamfundisha ishara ya msalaba. Akoth akafanya mazoezi katikati ya mabeseni, wateja wakadhani anafukuza nzi.

Siku Akoth alipopelekwa nyumbani kwa Aloyo kujulishwa, shangazi huyo alipakua ugali wa wimbi na malakwang, ile mboga chachu ya kuungwa kwa karanga, akasema, "Mgeni aombe."

Kwa Aloyo, kuombea chakula ni maneno machache yaleyale ya utotoni, kisha mkono sahanini. Akoth, maskini, alifumba macho, akausahau msalaba wote, akaomba kama walivyozoea kwao. Alimshukuru Mungu kwa wapagazi wa Kikuubo na kwa karanga, akayaombea magoti ya Aloyo, akatubu hasira aliyomfokea nayo mteja juzi. Saverio akakohoa kumkumbusha, wapi! Ugali ukapoa.

"Hii si maombi ya Katoliki," Aloyo akasema kwa Kiswahili chake cha kambini. "Nyinyi Protestanti, nani aliwapa jina hii? Mulikataa nini?"

Akoth alipenda kuulizwa. Akaeleza kama baba yake alivyomweleza wakipalilia mahindi: kwamba zamani sana, Ujerumani, mtawa aitwaye Luther aliona watu wakiuziwa vyeti vya msamaha, akapinga, akisema neema ya Mungu hainunuliwi, hupokewa kwa imani. Akatafsiri Biblia kwa lugha ya watu wake. Hata akaoa aliyekuwa sista.

"Sista!" Aloyo akashika kifua, lakini akavuta kiti karibu. "Endelea."

"Baadaye, waya," Akoth akasema, kwa kuwa Waluo na Waacholi shangazi humwita vilevile, "wakubwa wakakutana barazani, wakaamua mafundisho ya Luther yakome. Watawala wachache wakasimama wakakataa mbele ya wote. Wakasema kwa habari ya Mungu, kila mtu atasimama mwenyewe mbele zake. Kwa kupinga huko wakaitwa Waprotestanti."

"Sasa wewe unaacha hiyo yote juu ya Saverio? Yeye anasema umekubali."

"Ndiyo" ilikuwa tayari ulimini. Akamtazama Saverio katika shati lake lililopigwa pasi, akampenda mpaka akaumia. Lakini maneno aliyotoka kuyasema mwenyewe yalimzuia.

"Hapana, waya," akasema, machozi yakimtoka. "Nampenda, lakini sijakubali. Nilikuja hapa kukudanganya."

Aloyo akaivuta sahani. Akamega tonge la ugali baridi, akalichovya, akalitafuna bila haraka.

"Padri ataomba ruhusa kwa askofu, ndoa itafungwa," akasema hatimaye. "Jumapili wewe enda kwako, sisi kwetu. Bibi ya kusema kweli mimi nataka." Kisha akamgeukia mpwa wake. "Lakini wewe, Saverio, ulidanganya mimi. Ng'ombe haitoki hapa kabla hujaenda kuungama."

Saverio alikuwa ameshasimama, akitafuta kofia yake na kuuliza kama padri huungamisha hata saa ya chakula.