Siku Kamongo Hakutoka Topeni

Jumapili iliyopita nilikuwa sebuleni kwa mwanangu, pale Ngokolo, nimekaa na wajukuu wawili mbele ya televisheni. Filamu ilikuwa ya wale mashujaa wanaoruka angani na kupasua kuta, na walikuwa wengi mno. Kila nikimzoea mmoja anaingia mwingine. Mjukuu mkubwa akanieleza kwamba kila mmoja ana filamu yake, ila wote wanaishi dunia moja, kwa hiyo hutembeleana. Mdogo wake akanuna. Yeye alitaka shujaa wake abaki na filamu yake peke yake, maana akichanganywa na wenzake hapewi nafasi ya kupigana. Walibishana mpaka yale majina marefu ya mwisho yakaanza kupanda kwenye kioo. Nikachukua rimoti nizime. Wote wawili wakaruka kwa pamoja: "Bibi, usizime! Kuna kipande cha mwisho!"

Mkono ukabaki hewani. Wewe unanijua, mimi si mtu wa kulia mbele ya watoto. Nikawaambia moshi wa jikoni umeniingia machoni, na jikoni kwao wanatumia gesi.

Ngoja nikueleze. Katikati ya miaka ya sabini tulikaa nyuma ya stesheni ya Shinyanga. Treni ikipita vikombe viligongana kabatini, na msimu wa pamba kiwanda kilinguruma mchana kutwa, harufu ya mbegu zinazokamuliwa ikituingia mpaka kwenye chai. Baba alikuwa karani katika ofisi ya pamba. Bibi, mama yake baba, alikuwa amekuja kwetu mwaka ule kutoka kijijini. Watu walikuwa wanahamishwa kutoka kwenye makazi yao ya zamani na kupangwa kwa mistari, nyumba kwa nyumba, na bibi alikataa katakata kuzoea. "Kuku wa mwenzangu anataga kwangu, halafu mwizi ni mimi," alikuwa anasema, na kwake hiyo ilikuwa sababu ya kutosha kupanda basi kuja mjini.

Kazi yangu baada ya shule ilikuwa kulinda matobolwa. Bibi alichemsha viazi vitamu, akavikata vipande, akavianika juu ya kichanja, nami nilikaa chini yake na fimbo nikifukuza kuku. Ukikaa hapo kwa saa tatu na penseli mkononi, utachora tu. Gari la sinema la serikali lilikuwa limekuja uwanjani mara moja, likatuonyesha picha zinazotembea kwenye shuka jeupe, na tangu siku hiyo nilitaka sinema yangu mwenyewe.

Niliitengeneza kwa boksi la sabuni. Nilikata dirisha kwa wembe, nikapitisha vijiti viwili, nikaviringishia karatasi. Karatasi ndiyo ilikuwa jeuri yangu. Baba aliniletea mabaki ya ile mikanda mirefu ya mashine ya kujumlishia, upande mmoja una tarakimu, wa pili mweupe. Nilichora upande mweupe, kisha nikaipaka mafuta ya pamba ili ipitishe mwanga, bibi akigomba kwamba sinema haijawahi kushibisha mtu. Stoo yake ilikuwa na kidirisha kimoja upande wa magharibi. Alasiri jua likigonga pale, ukitega boksi mbele yake, picha zilikuwa zinawaka. Tarakimu za upande wa pili zilionekana kwa mbali angani, tukasema hao ni ndege.

Shujaa wangu aliitwa Mtu wa Pamba. Alizaliwa katikati ya marobota ya kiwanda. Risasi zikimpiga zilizama mwilini mwake zikalala. Akisukumwa kutoka juu ya tangi la maji la stesheni, alitua bila kutoa sauti. Alikuwa na udhaifu wa namna mbili tu: moto, na maji, maana akilowa alikuwa mzito hata mguu hanyanyui. Kwa hiyo katika sinema zangu mvua haikunyesha kamwe, na kwa watoto wa Shinyanga hilo halikuwa jambo la ajabu. Walijaa stoo nzima, kiingilio karanga za kiganja, na mimi ndiye niliyekuwa mtu mkubwa wa mtaa.

Kisha akaja mtoto wa Mama Dagaa.

Mama yake alitoka Nkome, ziwani, na magunia yake, akapanga chumba cha nje kwenye nyumba yetu, akawa anauza dagaa sokoni. Binti yake alikuwa rika langu, akaingizwa darasa la nne pamoja nami. Jina alikuwa nalo, zuri kuliko langu, lakini tulimwita mtoto wa Mama Dagaa, na mimi nilihakikisha hakuna anayemwita vingine.

Wivu ulinianza kwa bibi. Yule mtoto alipiga magoti hasa akisema shikamoo, si kama sisi tuliokunja goti moja huku tunakimbia. Alimkaangia bibi dagaa kwa pilipili na ndimu. "Wabeja, mayu," bibi alimshukuru, na hiyo "mayu", yaani mama, ilikuwa yangu, mimi niliyefukuza kuku mwaka mzima. Halafu nikaona mkono wake. Mimi niliweza kuchora watu wa ubavuni tu, wote wanatazama upande mmoja kama wanaosubiri treni. Yeye alimchora mtu kwa nyuma, mgongo mtupu, nawe ukajua ana huzuni. Nilijifungia chooni nikajaribu mpaka penseli ikaisha. Sikuweza.

Na yeye alikuwa na shujaa wake, Kamongo. Kama hujakaa ziwani, kamongo ni samaki anayeweza kuishi ndani ya tope lililokauka, miezi na miezi, mpaka mvua imrudie. Kamongo wa yule mtoto alikuwa mtu kamili, anayelala chini ya ardhi kiangazi chote, kisha anachomoka na mvua ya kwanza akiwa na nguvu za msimu mzima. Alimchora kwenye kurasa za daftari alizounganisha kwa uji wa muhogo, picha kubwa, boksi kubwa. Alionyesha chumbani kwao. Wiki ya tatu nilipofungua stoo yangu walikuja watoto wawili, na mmoja wao alikuwa amefuata matobolwa.

Wenzetu ndio walioanza kudai mashujaa wakutanishwe. Wengine wakasema hapana. Mtoto wa Mama Dagaa akaja kichanjani kuniuliza kama nakubali, nikamnunia. Ubishi ukaingia darasani, na mwalimu badala ya kutuchapa akautia kwenye kipindi cha mjadala: mashujaa wakae sinema moja, au kila mmoja na yake? Nilisimama wa kwanza. Nilisema pamba haiwezi kukaa na samaki, italowa. Nilisema shujaa akiwa na msaidizi si shujaa tena, ni mfanyakazi mwenza. Niliona nimesema vizuri sana. Mtoto wa Mama Dagaa akasema maneno machache tu: "Kamongo yuko peke yake miezi mingi. Mimi namwonea huruma."

Mwalimu akafunga mjadala kwa kucheka. "Wazazi wenu wameambiwa waishi pamoja," alisema. "Hawa mashujaa nani aliyewapa kibali cha kukaa mbalimbali?" Darasa zima likapiga makofi.

Nilikimbilia kwa bibi. Yeye aliyetoroka mistari ya kijiji, nilijua atakuwa upande wangu. Alikuwa anageuza matobolwa, hata hakuniangalia.

"Mimi majirani sikuwakataa," akasema. "Nilikataa kupangwa bila kuulizwa. Mwenzako kaja kukuuliza mwenyewe, mayu, wewe unamnunia."

Basi nikakubali, kwa sharti moja: tutatumia boksi langu. Nilijua ninachofanya. Mkanda wangu ulikuwa na upana wa vidole vinne, kurasa zake zilikuwa za daftari. Alipima kwa kiganja. "Sawa," akasema. "Nitampunguza." Wiki nzima nilimwona mlangoni kwao na mkasi wa mama yake, akimkata Kamongo magoti, akimkata utosi, ili aenee kwangu. Sikumzuia. Tulipatana mimi nichore mwanzo, yeye mwisho, na kwa huo mwisho akaniomba karatasi safi. Nilikuwa na mikanda mitatu mizima chini ya kitanda. Nikampa kipande kifupi, kile ambacho tarakimu zake zilikolea kuliko zote.

Hakunionyesha alichochora. Alikibandika mwisho wa mkanda wangu kikiwa kimeviringishwa, akasema nitakiona pamoja na wenzangu. Lakini sikuhitaji kuonyeshwa. Mtoto yeyote angejua: Mtu wa Pamba atashika moto, mvua itanyesha, Kamongo atachomoka na kumwokoa. Shujaa wangu atabebwa mgongoni na samaki, mbele ya mtaa mzima.

Jumamosi alasiri stoo ilijaa mpaka wengine wakakaa juu ya magunia. Bibi alisimama mlangoni. Mimi nilikuwa nazungusha vijiti, mtoto wa Mama Dagaa amechuchumaa nyuma yangu. Mtu wa Pamba akapigana vizuri, wakamshangilia. Kisha akaingia Kamongo, hana miguu. Nilingoja wacheke. Mmoja akasema, "Tope limemfunika magoti, si mnaona?" na wote wakaona. Hata ulemavu nilioutengeneza mimi ukawa sifa yake. Jua likakausha bwawa, ardhi ikapasuka, Kamongo akanaswa chini. Picha iliyofuata ilikuwa ardhi kavu na mkono mmoja tu umetokeza kwenye ufa. Hata waliokuwa wanatafuna karanga waliacha.

"Zungusha," akaninong'oneza.

"Mwisho," nikasema kwa sauti.

Wakapiga kelele. "Na Kamongo je? Kamongo je?" Nikasema amebaki hukohuko, sinema imeisha. Yule mtoto hakunipokonya boksi. Alikuwa anautazama mkono wangu ulioshika kijiti.

"Hujafika," akasema.

"Karatasi imekwama."

"Hiyo karatasi haijakwama," akasema bibi kule mlangoni, kisha akaondoka zake.

Walipotawanyika nilifunga mlango kwa ndani. Jua lilikuwa bado kidogo dirishani. Nikazungusha.

Hakukuwa na moto. Hakukuwa na mvua. Mtu wa Pamba, wangu, alikuwa anatembea peke yake kwenda ziwani, amechorwa kwa nyuma, na zile tarakimu nyeusi zimejaa angani makundi kwa makundi. Akaingia majini kwa hiari yake. Magoti, kiuno, shingo. Akatoka amelowa, mzito, na yule mtoto alimchora kila hatua ya kurudi, picha kwa picha, mgongo umeinama, kipande chote karibu kiliisha kwa safari hiyo moja. Akafika kwenye ardhi iliyopasuka, akalala juu yake, akajikamua. Maji yakaingia kwenye nyufa. Mkono ukacheza. Picha ya mwisho kabisa, Mtu wa Pamba ameanikwa kwenye kamba ya nguo, na Kamongo, mzima, mwenye miguu yake yote miwili, amekaa chini yake anafukuza kuku.

Ningekuwa mtoto mwema ningefungua mlango nikawaita wote. Badala yake nilishikwa na wivu ambao ule wa bibi na wa penseli ulikuwa mchezo mbele yake. Nilimficha Mtu wa Pamba mvua mwaka mzima. Yeye alikaa naye wiki moja akajua maji yanaweza kumfanya nini. Ilikuwa sinema nzuri kuliko zangu zote, na shujaa wake alikuwa wangu. Nikachomoa mkanda, nikauzamisha chini kabisa ya gunia la matobolwa.

Hawakukaa sana. Mama Dagaa alirudi Nkome shule zilipofungwa. Siku wanaondoka, mizigo imeshapanda basi, yule mtoto alinisogelea.

"Ulikiangalia kile kipande?"

"Kipande gani?"

Alinitazama. "Basi," akasema, akapanda.

Mvua zilipoanza bibi alifungua gunia, akakuta panya. Walikuwa wamekula matobolwa na karatasi pia, kwa ajili ya yale mafuta. Vilibaki vijiti.

Sasa kiwanda kimenyamaza, na mahali pa stoo yetu pana fremu za maduka. Bibi tulimzika zamani. Mama Dagaa nilisikia alihamia Segese kuwauzia wachimbaji, wengine wakasema hapana, Geita. Kila nikinunua dagaa sokoni huwa namtazama muuzaji usoni, kisha mikononi.

Wajukuu waliangalia kile kipande chao cha mwisho, kifupi tu, mtu nisiyemjua akifungua mlango. Mdogo akanigeukia: "Bibi, wewe unasemaje? Wakae pamoja au kila mtu peke yake?" Ndipo nikawasimulia haya niliyokusimulia. Nilipofika kwenye ule mkono uliotokeza kwenye ufa, nikaishia hapo.

"Na Kamongo je?" wakauliza wote wawili.

"Alitoka," nikasema. "Mtu wa Pamba alimtoa. Mimi niliona." Nilikuwa sijawahi kumwambia mtu.

"Ulichora wewe?"

"Hapana. Si mimi."

"Nani sasa?"

Nikafungua mdomo niseme mtoto wa Mama Dagaa, kama nilivyozoea. Nikalitaja jina lake.