Redio Kaseti ya Dalali Halkano

Halkano alikuwa dalali wa mifugo katika soko la Isiolo, na alikuwa kiziwi. La kwanza kila mtu alilijua. La pili alilijua mkewe Racho peke yake, tangu mwaka ule wa sabini na sita, sindano za kifua kikuu zilipomponya mapafu zikaondoka na masikio.

Utauliza kiziwi anauzaje ng'ombe. Kwetu bei haitajwi kwa mdomo. Dalali na mnunuzi hushikana mikono chini ya shuka, na vidole ndivyo vinavyosema: ongeza, punguza, sitaki. Watazamaji hawaambulii kitu. Halkano alikuwa fundi wa vidole, na macho yake yalisoma midomo vizuri kiasi kwamba waliotoka Kipsing na mbuzi wao walimtafuta yeye kwanza. Asipoelewa neno alikohoa, au aligeuka akamfokea mbuzi. Majivuno pia alikuwa nayo, sitampamba. Madalali wenzake aliwaita wapiga kelele.

Maneno hayo yalimkera zaidi Dualeh, dalali wa pili kwa sifa, mtu mwenye meno mazuri na roho ya fisi. Ndiye aliyeanza kuuliza: mbona nyumba ya Halkano haina redio? Miaka hiyo ya themanini hata mwenye ng'ombe wawili alikuwa na redio, na jioni mtaa mzima ulisikiliza taarifa ya habari. Swali likazunguka soko. Mwenye mifugo akishuku masikio ya dalali hampi mnyama wake, maana kabla ya mikono kuingia chini ya shuka kuna maneno mengi ya kusikilizwa. Halkano akaona watoto wake watalala njaa. Akaamua kununua redio kaseti mchana kweupe, watu wakiona. Kosa lake ni kumruhusu Dualeh amsindikize.

M'Ikiara, mwenye duka, alikuwa na mbili: moja ndogo ya spika moja, na nyingine kubwa ya spika mbili, yenye mpini wa kubebea. Akaanza na ile ndogo. Muziki ulipotoka Halkano aliweka kiganja juu ya spika, akahisi inatetemeka, akatikisa kichwa kwa mpigo wake. Dualeh aliutazama ule mkono, akaelewa kila kitu.

Akampa Halkano kisogo, akamnong'oneza M'Ikiara. M'Ikiara, Mungu amsamehe, mimi bado, akazima ile ndogo, akatoa betri za ile kubwa chini ya kaunta, akaipandisha rafu ya juu pasipofikika, akabonyeza kitufe. Duka likawa kimya kabisa. Dualeh akafumba macho, akaanza kutingisha mabega. Wateja waliogundua mchezo wakatingisha yao.

"Mzee, hii unaionaje?" Dualeh akauliza, akihakikisha midomo yake inaonekana.

Halkano aliinua kidevu kama mtu anayesikiliza kwa makini.

"Hii ni safi," akasema. "Lakini punguza kidogo, M'Ikiara. Inaumiza masikio."

Walicheka hadi Kagendo, muuza miraa wa hapo nje, akaja kuuliza kuna nini. Halkano akaona meno ya watu, akadhani mzaha wake umewafurahisha, akacheka nao. Hapo ndipo panaponiuma mpaka leo. Akachukua ile kubwa, na M'Ikiara akamfungia kwenye gazeti hivyo hivyo.

Nyumbani Racho aliigeuza redio, akafungua kifuniko cha nyuma, akamwonyesha mahali pa betri palipokuwa patupu.  Halkano akaenda kulala, jua likiwa bado kali.

Siku ya soko alirudi, kwa sababu watoto wanakula. Wenye mbuzi wa Kipsing walimpita wakaenda kwa Dualeh. Wengine waligundua starehe mpya, kumwambia usoni, kwa tabasamu la meno yaliyobanwa ili midomo isisomeke, yale waliyokuwa wakimsema mgongoni. Naye, akidhani ni salamu, aliwajibu wote alhamdulillahi.

Dualeh hakutosheka na mbuzi. Alisimama mbele yake katikati ya watu, akainua viganja kama anayemwombea ndugu yake, akainamisha kichwa mpaka mikono ikaficha mdomo.

"Ya Rabbi," akasema, "huyu masikio umechukua. Chukua na macho. Na watoto wake watangulie kaburini, yeye awazike."

Hakuna aliyecheka, na hakuna aliyemkataza. Halkano aliona dua tu. Akainua mikono yake, akasema "Amin" kwa sauti kubwa, akajipangusa uso.

Racho alikuwa pale akiuza maziwa. Aliyaacha, akamshika mumewe mkono, wakaondoka. Njiani Halkano akamuuliza Dualeh amemwombea nini. Racho akageuza uso upande wa pili ili asione midomo yake, akamwambia yote, neno kwa neno.