Rudia, Kapteni

Kwa miaka kumi na sita kazi yake ilikuwa kuwaambia watu waliomzidi mshahara mara nne waende wapi, na wao kumtii. Alikaa juu kabisa ya mnara wa kuongozea ndege, katika chumba cha vioo chenye feni moja mbovu, akisema na marubani kwa redio. Akitoa agizo, rubani hulirudia vilevile, ili ijulikane amesikia alichoambiwa na si alichokitamani. Asiyerudia aliambiwa arudie. Ndiyo maana kiwanja kizima, kuanzia wafagiaji hadi mkuu wa mnara, kilimwita Mama Rudia.

Alimlegezea mtu mmoja tu: shemeji yake, mume wa mdogo wake, kapteni wa mistari minne begani na manukato yanayomtangulia kufika. Asubuhi moja Mama Rudia alimwambia, "Simama kabla ya njia ya kurukia, subiri." Kapteni akajibu, "Sawa, shemeji." Mama Rudia akaliacha lipite. Sawa ya nini? Mama Rudia alielewa amesimama; kapteni alielewa aingie. Akaingia kweli, mbele ya ndege ya mizigo iliyokuwa inakuja kutua na vifaranga elfu tatu. Ile ndege ikalazimika kupaa upya. Hakuna aliyeumia, na vifaranga walipata safari ambayo kuku wengi huisikia tu.

Mbele ya kamati ya uchunguzi kapteni aliketi amekunja nne. "Shemeji yangu ana mazoea ya kunong'ona," alisema. "Tena huwa tunataniana. Nitajuaje lipi ni utani?" Kamati ikaitazama mistari ya begani, ikaona huo ni ushahidi wa kutosha. Mama Rudia akapelekwa miezi minne kwenye ofisi ya mabegi yaliyopotea.

Kosa la kutomwambia arudie siku ile alilikubali, lilikuwa lake. Kilichomkaa kooni ni mlo wa Jumapili kwa mama yao, kapteni alipobana pua na kuigiza: "Simama, shemeji... njoo, shemeji..." Mama mzazi ndiye aliyecheka kuliko wote, hadi akapaliwa. Mama Rudia alitafuna taratibu, akimtazama shemeji yake kama fundi anayempima mtu suti bila kumgusa.

Aliporudishwa mnarani, mkuu alimwonya: "Kosa moja tena, unarudi kwa mabegi mpaka ustaafu."

"Nitafuata kitabu, mkuu. Neno kwa neno."

Akakifuata. Siku ya kwanza, shemeji akiwa na abiria themanini na injini zinanguruma, alimsomea maelekezo yote kwa pumzi moja.

"Sawa, shem..."

"Rudia."

Akarudia, akaisahau namba moja.

"Sivyo. Rudia yote."

"Shemeji, tunachelewa!"

"Hapa hakuna shemeji, Kapteni. Hapa kuna mnara. Rudia yote."

Marubani wengine walikuwa wanasikiliza masafa yaleyale. Mmoja akakosa adabu: "Pole, shemeji wa watu."

Ikawa hivyo kila siku. Wiki ya tatu mdogo wake akapiga simu. "Dada, mume wangu anahesabu namba usingizini. Mwachie basi!"

"Nimwachie nini? Sijamshika. Mwambie arudie tu."

Wiki ya tano, mchana wa mawingu mazito, Mama Rudia alimwagiza shemeji ashuke hadi futi elfu tisa. Kapteni, aliyechoka kubishana, akajibu mbiombio kama mwanafunzi anayetaka kwenda choo: "Nashuka hadi futi elfu saba."

Kwenye elfu saba ilikuwa inapita ndege ndogo ya madaktari.

Kwa sekunde moja, Mungu amsamehe, Mama Rudia aliiona kamati, akamwona na kapteni amekalia kiti cha mkosaji. Alichohitaji kufanya ni kunyamaza tu. Lakini alichotaka ni aibu ya shemeji, si mifupa yake, na wale abiria themanini hawakuwahi kumwigiza.

"Sivyo! Elfu tisa. Tisa! Rudia."

"Elfu... tisa." Sauti ilikuwa imekauka. "Naishia elfu tisa."

Hapo kitabu kiliishia. Alingoja ndege mbili zipishane salama kwenye kioo cha rada, kisha akabonyeza tena.

"Kapteni, nilinong'ona?"



"Hapana."

"Nani amekosea?"

"Mimi. Nimekosea mimi."

"Rudia."

Akarudia.

Mkuu alikuwa amesimama nyuma ya Mama Rudia na kikombe mkononi. "Ndege zimepishana, kwa hiyo kosa hakuna," alisema hatimaye. "Hayo maswali ya mwisho lakini ni ufidhuli. Ufidhuli ni wiki mbili za mabegi."

"Na yeye?"

"Harushi ndege mpaka asome upya lugha ya redio. Wiki sita."

Mama Rudia akatoa mbili kwenye sita, akaona amemshinda shemeji yake kwa wiki nne. Alasiri ileile alikuwa nyuma ya kaunta ya mabegi, ambako bwana mmoja alikuwa anafoka kuhusu sanduku lake la kijani, naye akamsikiliza kwa furaha ambayo yule bwana aliichukulia kuwa ni matusi.