Kiboko wa Usumbura

Baba yangu alibeba magunia bandarini Bujumbura alipokuwa kijana, na mpaka anazikwa mwaka juzi aliuita mji ule kwa jina lake la zamani, Usumbura. Katika yote aliyoyaona huko, alipenda kusimulia moja: kwamba jioni viboko hutoka ziwani, wakapita barabarani kama wenye mji, wakaingia kwenye bustani za watu kula majani. Kijijini kwetu Ntobeye hakuna aliyelimeza hilo. Ikawa mtu akidanganya popote, kilabuni au kwenye mkutano wa kijiji, anaambiwa, "Usituletee kiboko wa Usumbura." Mama ndiye aliyecheka kuliko wote.

Kwa hiyo akina mama wa kwaya walipopanga safari ya siku moja kwenda kutazama miji ya kale ya mwambao wa Ziwa Tanganyika, ng'ambo ya mpaka, mama alijiandikisha wa kwanza, akaniandikisha na mimi nimsindikize.

"Nataka nikaone mwenyewe kama niliolewa na mwongo," alisema.

Nilidhani anatania. Kumbe tangu baba afe jambo hilo lilikuwa limemkaa rohoni, halimpi raha.

Kiongozi wa safari alikuwa bwana wa makamo kutoka Mwanza, mwenye filimbi shingoni na ratiba iliyopigwa chapa: Bujumbura saa tano, majengo ya zamani, bandari, chakula, kisha Rumonge, kisha nyumbani. Bwana yule alijua mambo mengi, ila hakutujua sisi. Kwetu huendi kwa watu mikono mitupu, na akina mama hawa walikuwa wanakwenda kwa watu, haidhuru watu gani. Kila mmoja alipanda basi na kapu lake la maharage au unga wa muhogo. Mama alikuwa na dumu la lita tano la pombe ya ndizi.

Mpakani, afisa aliyatazama yale makapu akauliza bidhaa hizi zinapelekwa soko gani.

"Haziuzwi, mwanangu," akajibu mwenyekiti wa kwaya. "Tunatembea."

"Mnamtembelea nani?"

"Wenyeji."

"Wenyeji gani?"

"Tutawajua tukifika."

Afisa alimtazama kiongozi, kiongozi akatazama ratiba. Kila kapu likafunguliwa. Mwenyekiti, akiona huyu ndiye mwenyeji wetu wa kwanza, akampimia maharage. Afisa alikataa katakata, na mwenyekiti akanuna mpaka tukaupita mji wa Muyinga. Kiongozi alipolalamika kwamba tumechelewa saa mbili, mama mmoja alimkumbusha kuwa huku saa ziko nyuma kwa saa moja, kwa hiyo tumechelewa moja tu.

Bujumbura mambo yalizidi kumharibikia kiongozi. Yeye Kirundi hakijui, na Kihangaza chetu kinasikilizana nacho vizuri kabisa. Akisimama kutueleza habari za jengo la kikoloni, akina mama walimsimamisha mpita njia, wakasalimiana naye, wakaulizana habari za watoto, mvua na mihogo, kisha mpita njia akatueleza jengo lile lile kwa namna nyingine kabisa. Mzee mmoja aliyekuwa anakwenda zake posta aliondoka na kilo mbili za maharage asizoziomba. Kiongozi alitoa kalamu akaikata Rumonge kwenye ratiba.

Ziwani tulifika saa nane. Mama alishuka na dumu lake, akasimama ukingoni, akatazama. Maji tu, na meli moja.

"Viboko wako wapi?"

"Bibi yangu," kiongozi akasema kwa uchovu. "Viboko hutoka jioni, na jioni sisi tutakuwa njiani. Hapa tuna dakika ishirini."

Mama aliketi kwenye jiwe, uso umemshuka, nami nilimwonea huruma. Kisha akainuka ghafla, akamwendea mzee aliyekuwa akimwagilia maua kwenye uzio wa hoteli. Alimsalimu kwa kirefu, akamkabidhi dumu. Mzee alilipokea kwa mikono miwili, akauliza mgeni wake anahitaji nini.

"Viboko wenu hupita wapi?"

Mzee hakucheka. Alituongoza nyuma ya jiko la hoteli. Uzio ulikuwa umelala chini, majani yameliwa yakabaki vipara, na kwenye tope kulikuwa na nyayo za vidole vinne vinne, pana kama sahani.

"Huyu ni wa jana," mzee akasema. "Akitoka hapa huvuka barabara, akaenda kwa jirani. Ndivyo walivyo tangu zamani."

Mama alivua kandambili, akaweka mguu wake ndani ya unyayo mmoja. Ulipotea humo. Filimbi ya kiongozi ililia, ikalia tena, mama hakusogea.

"Mbona hakubishana?" akasema, na alikuwa amekasirika kwelikweli. "Mtu unasema kweli, watu tunakucheka maisha yako yote, na unanyamaza tu?" Machozi yakamtoka. Yule mzee akarudi taratibu kwenye maua yake.

Ndani ya basi akina mama waliimba wakachoka. Tulipokuwa tunapanda milima, mama alinigeukia.

"Na wewe, ulimwamini?"

Nilikumbuka nilipokuwa darasa la tatu. Siku moja, mbele ya wageni, nilimkatiza baba katikati ya hadithi, nikasema mwalimu ametufundisha kwamba kiboko anaishi majini, sio barabarani. Wageni walinisifu kwa akili zangu. Baba alitabasamu, na sikumsikia tena akiisimulia nikiwepo. Nilidhani mama amesahau.

"Hapana, mama. Sikumwamini."

"Najua," akasema. "Basi kesho tukienda kaburini kumwomba radhi, utatangulia wewe. Mimi nilimcheka tu. Wewe ulimsahihisha."