Matrida na Chai ya Saa Nne

Wiki ya kwanza Matrida alidhani wenzake wa kazini wanamtania kwa kuwa ni mgeni. Wiki ya tatu alijua hakuna utani wowote, ndivyo walivyo. Ukisema mvua itanyesha, Dokta Enoka anasema itazoa barabara. Ukisema dawa zimeletwa, Mama Wankyo anasema zimeletwa zikiwa karibu kuisha muda. Zahanati yenyewe ilikuwa ndogo, mwendo wa pikipiki kutoka Kiabakari, na wafanyakazi walikuwa hao watatu tu: Enoka, tabibu, mtu mrefu aliyekuwa na lawama kwa kila kitu hadi jua; Wankyo, mhudumu, mama wa makamo aliyefagia pale tangu jengo lilipofunguliwa; na Matrida mwenyewe, muuguzi mkunga, mzaliwa wa Nyasho mjini Musoma, ambaye hakujaliwa subira wala hakujifanya anayo.

Kila siku saa nne asubuhi walikunywa chai barazani. Wankyo aliipika kwa maziwa, akaileta na viazi vitamu, na malalamiko yakaanza kabla vikombe havijajaa. Mshahara, wagonjwa, mkuu wa wilaya, mbu. Matrida aliinuka pale akiwa amechoka kuliko alivyokaa.

Mapema Novemba barua ikaja kutoka wilayani. Chumba cha kujifungulia kilikuwa kimefungwa miaka miwili kwa kukosa maji. Kama kufikia tarehe thelathini kitakuwa bado hakitumiki, kitanda na vifaa vyake vitahamishiwa zahanati nyingine. Matrida aliisoma mara mbili. Tangu afike alikuwa akiwaona wajawazito wakipakiwa kwenye bodaboda kupelekwa hospitali Butiama, na mmoja alijifungulia njiani, nyuma ya ua wa minyaa wa watu asiowajua. Akaapa kwamba kitanda hakitoki.

“Sista, hiyo chumba tulishaizika,” Enoka alisema akipuliza chai. “Tanki lipo, mvua inanyesha, na maji hayaingiagi. Sasa hapo utafanya nini?”

“Wacha wakichukue,” Wankyo akaongezea. “Vumbi tupu kile.”

Matrida angeweza kubishana, lakini alishabishana wiki tatu na koo lilikuwa linamuuma. Akaamua kujiepusha nao. Kesho yake alikuja na chupa yake ya chai, na ilipofika saa nne akaingia kwenye chumba kile kilichofungwa, akarudishia mlango, akanywa peke yake huku akikwangua kutu kwenye kitanda. Raha iliyoje! Kwa siku nne hakusikia lawama hata moja, na nusu ya kitanda ikang'aa.

Siku ya tano mambo yakageuka. Wankyo hakuitikia salamu. Vifaa alivyoombwa kuchemsha vilikaa vilevile hadi mchana. Akina mama wa kliniki walikuwa wakinyamaza Matrida akipita. Ni Yuliana, mama kijana mwenye mimba ya miezi minane, aliyemnong'oneza wakati anapimwa presha.

“Sista, watu wanasema umeona kitu kwenye chai ya Mama Wankyo.”

“Kitu gani?”

Yuliana alitazama ukuta. “Si unajua. Mtu haachagi chai ya mtu hivihivi. Akiacha, ndo anamwogopa.”

Matrida akaacha kupima. Alikuwa mtoto wa mkoa huohuo, hakuhitaji kufafanuliwa. Chakula cha mtu ukikisusa ghafla, umesema hadharani kwamba mkono wake una sumu au una uchawi. Alikuwa amekimbia maneno ya watu wawili, na bila kufungua mdomo akamtangaza mama wa watu mchawi kijiji kizima. Aliona aibu hadi machozi yakamlenga.

Jumamosi akaenda nyumbani kwa Wankyo, mikono mitupu, kwa maana zawadi ingeonekana hongo. Wankyo alikuwa uani anapepeta mtama. Hakumpa kiti.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba.” Ungo ukaendelea.

“Nimekuja kula kwako.”

Ungo ukasimama. Wankyo akainuka taratibu akaingia jikoni. Alitoka na ugali wa muhogo na mtama na bakuli la maziwa ya mgando, akaviweka chini. Majirani wawili waliokuwa wanapita walipata ghafla sababu ya kusimama penye ua. Vizuri, Matrida aliwaza, waone. Akala mbele yao mpaka sahani ikabaki tupu, akaomba aongezewe maziwa.

“Nimekukosea, mama,” alisema. “Nilikuwa nakimbia maneno, sikukimbia mkono wako.”

“Maneno gani?”

“Ya kila siku. Haifai, hakuna kitu, wacha wachukue. Yananivunja moyo.”

Wankyo akavuta kigoda akakaa. “Hiyo chumba nimeshaiosha mara tatu,” alisema. “Watu wa wilaya wanakujaga na gari, wanasema maji wiki ijayo. Mimi naosha kuanzia kwenye dari. Napita kwa wamama nyumba kwa nyumba, nawaambia safari hii mtazalia hapa. Halafu maji hayaji, na wanaonicheka kisimani ni mimi. Kazi sikatai, mwanangu. Nimechoka kufurahi bure.”

Matrida akauvuta ungo, akaendelea kupepeta mtama pale Wankyo alipoishia.

Jumatatu akarudi barazani, akanyoosha kikombe kabla hajakaribishwa. Enoka akaanza palepale alipoishia. Maji, maji, hakuna maji. Matrida alihisi hasira ikimpanda, akaishika.

“Dokta, kwa nini hayaingii?”

“Fundi si aliinamisha gata la paa upande wa choo! Maji yote yanakimbilia kule, tanki liko huku. Hata mtoto wa chekechea angeona.”

“Wewe uliona lini?”

“Siku ileile.”

“Ukamwambia nani?”

Enoka aliweka kikombe chini. “Nani ananisikilizaga mimi hapa?”

Miaka miwili! Matrida alitamani kummwagia ile chai. “Nakusikiliza mimi,” alisema. “Ngazi iko wapi?”

Akajifunga kibwebwe kwa mtindo huo. Kila lalamiko alilibana mpaka litoe sababu, na lisilo na sababu aliliacha lipite zake. Asifikiri mtu kwamba wenzake walibadilika. Enoka alipanda ngazi akiilaumu ngazi, akailaumu misumari, akamlaumu fundi na ukoo mzima wa fundi, lakini gata likageuzwa. Wiki ya mwisho mvua ikanyesha mchana kutwa. Wankyo akaingia chumbani kufungua bomba. Yakatoka maji ya kahawia, halafu meupe. Alichukua brashi na ndoo, akapanda juu ya stuli, akaanza na dari.

Tarehe thelathini, saa tatu asubuhi, Yuliana aliletwa akiwa na uchungu. Saa tano pikapu ikasimama nje. Matrida alisikia milango yake ikibamizwa na sauti ya ofisa akiuliza kitanda kiko wapi. Hakuweza kutoka. Mkono mmoja Yuliana alikuwa ameung'ang'ania, na mwingine ulikuwa kazini. Nje walikuwa wale wawili tu, na hofu ikamshika kweli. Ingetosha Enoka aseme neno moja la mazoea, na ofisa angeandika kwamba chumba hakifai.

“Karibuni,” Enoka alisema. “Barabara mmeionaje? Mbovu eh? Na bado.”

“Tumefuata kitanda, dokta.”

Matrida, aliyekuwa akimhimiza Yuliana avute pumzi, akajikuta ameibana yake.

“Kitanda kina mtu,” Wankyo alijibu.

“Basi tutasubiri ashuke.”

“Subirini. Akishuka huyu anapanda mwingine. Wapo kumi na mmoja, na wote nimeshapita kwao.”

Matrida hakuwa na habari hiyo. Wala hakuwa na nafasi ya kuishangaa, maana Yuliana alipiga ukelele na kichwa cha mtoto kikaonekana. Matrida akapaza sauti aitwe Mama Wankyo aje na maji, na Wankyo akafungua mlango, ndoo mkononi, kabla hajamaliza kusema.