Mama Aliyekuja Kuulizia Folda ya Marehemu

Kama unataka kucheka, cheka sasa hivi umalize. Haya niliyaona kwa macho yangu, nikiwa mzima, sijaonja pombe, tena saa nane mchana. Wanaosema vitu hivi hutokea usiku tu hawajakutana navyo.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, Mpanda. Nilipanga chumba mtaa wa Majengo, na kazi yangu ilikuwa kutunza kompyuta za mradi mmoja uliokuwa ukipima mashamba. Kompyuta za mezani zilikuwa nne. Ya tano, kubwa zaidi, ilikaa chumba cha nyuma, nayo ndiyo seva: kazi za ofisi nzima zilihifadhiwa humo. Kila Ijumaa nilinakili vilivyomo kwenye tepu, mkanda unaofanana na kaseti ya redio, ili seva ikiharibika tusianze upya. Hiyo ndiyo bakapu. Tepu yenyewe ilikuwa moja, kila nakala mpya ikifuta ya wiki iliyopita.

Basi tepu ikaanza kutotosha. Kuagiza kubwa zaidi kutoka Dar kulichukua miezi. Mkuu wetu akaniambia, "Punguza bwana. Takataka zisiingie." Nikaandika orodha ya vitu vya kuacha: michezo ya karata, barua zilizoandikwa nusu, nakala za nakala. Mwisho nikaongeza kanuni moja, kwamba folda yoyote ambayo haijafunguliwa mwaka mzima nayo iachwe. Nilijiona fundi kweli kweli.

Sasa sikiliza. Tulikuwa na karani, Mzee Kapele, Mfipa mmoja mtaratibu sana, aliyefariki mwaka uliotangulia. Kofia yake ilikuwa bado inaning'inia msumarini na kiti chake hakikaliwi. Vitu vya marehemu havishikwi mpaka ndugu zake waje wavigawe, na ndugu wa Mzee Kapele walikuwa bado hawajafika. Wenzangu walifikisha heshima hiyo mpaka kwenye kompyuta, hakuna aliyethubutu kufungua folda yake. Kwa hiyo kanuni yangu ikaikumba. Niliona jina lake kwenye orodha ya vya kuachwa, nikapita.

Ijumaa hiyo wenzangu walikwenda kula. Nikawasha tepu, nikarudi mezani kwangu. Nilipoinua kichwa, mama mmoja alikuwa amekaa kwenye kiti cha Mzee Kapele. Nilikasirika kidogo, lakini mtu mzima huwezi kumfokea. Alikuwa amefunga kanga mgongoni kama anayebeba mtoto, ila mtoto hakuwemo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nyie ndio mmebaki na maandishi ya yule mzee?"

"Ndio sisi. Una shida gani?"

"Natokea Mwamkulu. Alimwandika mwanangu, Nyamizi. Nataka kujua kama bado yumo."

Mwamkulu ndicho kijiji tulichokuwa tukipima, nikadhani ni habari za shamba. Nikaifungua folda ya marehemu kwa mara ya kwanza, nikakuta orodha ya makaburi. Mzee Kapele alikuwa amezunguka Mwamkulu akiwauliza wenyeji walipozika watu wao, ili mashamba yakigawiwa trekta lisipite hapo. Daftari lake lilikuwa limeshaliwa na mchwa, kwa hiyo orodha ile haikuwa mahali pengine popote. Ilikuwa na kurasa nne. Nikatafuta jina: Nyamizi, mtoto wa kike, hatua arobaini kutoka kisima cha mawe, kuelekea mti wa mninga wenye panda.

"Yumo, mama," nikasema. Nilimwonea huruma.

Akageukia chumba cha nyuma, tepu ilikokuwa ikiunguruma. "Na huko mnakonakili, yumo?"

Alijuaje? Sikujiuliza. Jibu la kweli lilikuwa hayumo. Lakini kuisimamisha tepu ni kuanza upya, saa tatu nzima, na umeme wenyewe wa mgao.

"Yumo," nikamwambia.

"Asante mwanangu. Trekta halina macho."

Nikainamia skrini nifunge orodha, jicho likaangukia mstari wa chini yake: Mama yake Nyamizi, kalala ubavuni mwa mwanawe, upande wa jua kuchwa. Nikainua kichwa. Kiti kilikuwa kitupu.

Nikatoka mbio mpaka getini. "Yule mama kaelekea wapi?"

Mlinzi akanitazama. "Mama gani? Tangu wenzako watoke sijafungua geti."

Niliogopa, sitaki kukudanganya. Utasema nilirudi ndani nikaifuta ile kanuni. Wapi! Nilikaa juani nje mpaka wenzangu waliporudi. Ningeweza kuinakili folda ile kwenye disketi kwa dakika mbili, lakini sikutaka kukaa tena mbele ya skrini ile. Nikasema nitairekebisha Ijumaa ijayo.

Jumanne radi ikapiga, seva ikaungua. Tepu ikarudisha kila kitu, mkuu akanisifu mbele ya watu wote. Kila kitu, isipokuwa folda ya Mzee Kapele.

Nilimweleza mkuu, akatuma watu Mwamkulu kuuliza upya. Wengi wa waliomsimulia mzee walikuwa wamehama au wamekufa, na waliohamia na ng'ombe wao kutoka kaskazini hawakujua lolote. Trekta lilipofika, nilikwenda mwenyewe. Nikahesabu hatua arobaini kutoka kisimani, nikazungushia mawe mahali pa watu wawili.

"Na wengine?" dereva akaniuliza.

"Sikumbuki."

Akawasha injini.

Ninapita Mwamkulu mpaka leo. Mahindi hustawi vizuri sana kule, na mimi sijawahi kuyala. Ndugu wa Mzee Kapele walikuja baadaye wakachukua kofia, wakauliza kama kuna kingine. Nilisema hakuna. Aibu ile bado ninayo.

Wewe unayetunza vitu vya watu, kwenye kompyuta au kabatini, kabla hujaamua kwamba kitu fulani hakifai, kifungue. Soma japo mstari mmoja. Na mtu akija kukuuliza kama wake yumo, nenda ukaangalie kwanza ndipo umjibu. Mimi niliwahi kujibu, na katika watu wa kurasa nne, naweza kukuonyesha walipolala wawili tu.