Nyumba ya mlango mmoja na treni isiyo na saa

Saa tano ya asubuhi, Jumatano, Mama Jeannine Kyabu anakung'uta shuka ambalo hakuna aliyelilalia. Ni mara ya tatu wiki hii. Alilitandika Jumapili kwa ajili ya mgeni ambaye angeshuka na treni ya Jumatatu. Treni haijafika, mgeni hajafika, lakini vumbi jekundu la Kamina lenyewe halingoji treni. Linapita chini ya mlango, linapita dirishani, linakaa juu ya mto kama vile ndilo lililolipa chumba.

"Mugeni akiona vumbi ku kitanda, hatasema treni njo ilichelewa," anasema kwa Kiswahili cha huku, ambamo njo ni ndiyo na minyi ni mimi, akiligeuza shuka upande wa pili. "Atasema Mama Jeannine iko muchafu."

Mama Jeannine ana miaka hamsini na minane. Ni mjane wa mwalimu Éliézer, Mmethodisti kama yeye, aliyemwachia nyumba ya matofali yenye vyumba vinne, hatua mia tatu kutoka gare, yaani stesheni ya treni. Kimoja analala mwenyewe. Vitatu anavipangisha kwa usiku, faranga elfu ishirini pamoja na chai, mkate na maji ya moto ya kuoga. Ukimwuliza kazi yake hatasema ana hoteli. Atasema tu: "Nakaribisha bantu."

Na kukaribisha watu, katika mji wa reli, sehemu kubwa ni kungoja. Treni ya Jumatatu inaweza kuja Alhamisi. Lori wanalosema litaingia jioni linaingia keshokutwa, au linaingia asubuhi kabla hujafagia ua. Wake wa askari wanaokwenda Base ya Kamina, kambi ya jeshi, kuwafuata waume zao hawapigi simu kabisa, wanabisha tu. Wageni wa Kinshasa wanapiga, ila saa ya kwao iko nyuma ya saa ya Kamina kwa saa nzima, nao husahau.

Basi amejiwekea taratibu zake. Makaa yanakaa tayari ndani ya mbabula, lile jiko la bati, lakini hayawashwi mpaka mgeni aonekane. Unga umekwisha kuchekechwa, lakini bukari, ugali wa huku, haisongwi mapema. Kwa Mama Jeannine, kumpa mgeni bukari iliyomngoja ni aibu. Tena kuna utaratibu mmoja unaozidi zote: mgeni wa treni hatolewi chumbani mpaka treni yake ifike, hata kama siku alizolipa zimekwisha.

"Treni njo ilimuacha, na minyi tena nimuache?" anauliza. "Atalala wapi?"

Wiki hii utaratibu huo umemweka pabaya.

Chumba cha pili anacho Zébédée Monga, karani wa ofisi moja huko Likasi. Mkewe, Talitha, alikuwa ametoka kumsalimu mama yake huko Mulongo, akawa anangoja treni ya kurudi Likasi hapa hapa kwa Mama Jeannine. Siku ya tatu ya kungoja, uchungu ukamshika, mwezi mzima kabla ya wakati. Mama Jeannine alimpakia kwenye pikipiki, akakaa nyuma yake, akamshika mpaka hospitali. Madaktari wakampasua. Mtoto wa kike akatoka mzima, lakini Talitha alipoteza damu nyingi.

Siku ile ile Mama Jeannine alipiga simu mbili: moja Likasi kwa mume, moja Mulongo kwa mama mzazi. Zébédée alikuja na lori, akatoa damu yake apewe mkewe, akalala usiku nne sakafuni kando ya kitanda cha Talitha. Jumatatu ruhusa yake kazini ikawa imekwisha, akahamia hapa kungoja treni ya kumrudisha. Naye mama wa Talitha, Mama Kapenda, ambaye anakausha samaki kando ya Lualaba, alituma neno kwamba atafika Ijumaa.

Toka Jumatatu hata Ijumaa ni siku nne. Mama Jeannine aliziona zinatosha, akawakubalia wote wawili. Tena alikuwa amemwahidi Talitha, pale pale kitandani hospitalini, kwamba mama yake hatalala mbali. Maana mama ndiye atakayemuosha na kumpelekea chakula, na nyumba iliyo karibu na hospitali ni hii.

Msomaji wa mbali atauliza, shida iko wapi? Kwa Waluba wengi, hasa watu wazima kama Mama Kapenda, mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawakai pamoja. Hawali meza moja, hawatazamani usoni, na kulala chini ya bati moja ndiyo kabisa, hakuna hata anayelitaja. Si chuki. Ni heshima, na wanaamini heshima hiyo inalinda ndoa na watoto. Ikivunjwa wakati kuna mtoto mchanga wa siku nane, basi kila homa ya mtoto itatafutiwa sababu pale.

"Kosa ni yangu," anasema Mama Jeannine. "Miaka kumi na moja nafanya hii kazi, na bado niliamini kalenda. Nilitia siku ine katikati yabo. Siku ine ni kintu gani mbele ya treni?"

Saa tano na nusu simu yake inalia. Ni mwendesha pikipiki. Anasema ana mama mmoja hapa, ametoka Mulongo na kikapu cha samaki, anauliza nyumba ya Mama Jeannine iko upande gani wa gare. Mama Kapenda alipata nafasi juu ya lori la samaki juzi, akapanda. Hakumwambia mtu, kwa sababu simu yake ilizimika njiani.

Mama Jeannine anatazama uani. Zébédée yuko bafuni, bafu la nje, anaimba. Nguo zake ziko chumbani, ng'ambo ya ua. Na nyumba nzima ina geti moja.

"Tata Zébédée!" anaita. "Usitoke!"

"Maji imeisha?"

"Maji iko. Mukwe wako njo iko nakuya!"

Wimbo unakatika.

Mama Jeannine anakimbilia getini, shuka bado liko begani. Pikipiki inasimama. Anashuka mwanamke mrefu, mwenye miaka sitini na kitu, vumbi limempaka mpaka kwenye nyusi. Anajitwika kikapu, anakuja moja kwa moja. Mama Jeannine anamzuia kwa mikono miwili.

"Mama, pardon. Ungoje hapa kidogo."

"Ningoje? Nimelala siku mbili juu ya samaki, na weye unanisimamisha ku mulango?" Sauti yake inashuka ghafla. "Ao mutoto wangu amekufa?"

"Apana! Talitha iko muzuri. Amekula hata bukari leo."

"Basi toka mu njia."

"Mukwe wako iko ndani, mama. Anaoga."

Mama Kapenda haulizi neno la pili. Anatua kikapu, anageuka, anajifunika kichwa kwa kitenge, na kuukodolea macho ukuta wa ng'ambo ya barabara. Wapita njia wanasimama. Mwendesha pikipiki, ambaye bado hajalipwa, anauliza kama mama ameona nyoka.

Kwa kelele hizo anatokea jirani, Émerence, Mkatoliki anayeuza makaa, ambaye ua wake na ua wa Mama Jeannine zimetenganishwa na ukuta mfupi wa matofali, na ambaye humwita yaya, yaani dada mkubwa.

"Yaya Jeannine, siku hizi bageni bako banalipa kusimama inje?"

"Émerence, usicheke. Kuna mukwe ndani, kuna mukwe inje. Nisaidie."

Émerence anaelewa hapo hapo. Kule ndani Zébédée amekwisha kuvuka ua mbio, amevaa, na sasa anapanda ukuta mfupi, koti mwilini, viatu mkononi. Anaangukia upande wa pili, katikati ya magunia ya makaa.

"Karibu, Tata Karani," Émerence anamwambia. "Hapa kwetu bantu banaingiaka ku mulango, lakini haina shida."

Njia imekuwa wazi, lakini Mama Kapenda haingii. "Begi yake iko mule," anasema akiuambia ukuta wa ng'ambo. "Kitanda yake iko mule. Minyi siwezi kulala mu nyumba mwenye mukwe wangu analala. Nitaenda kulala ku baraza ya hospitali."

Kutoka nyuma ya matofali, Zébédée naye anaita kwamba mama asisumbuke, ni yeye atakayekwenda kulala gare juu ya begi lake, huenda treni ikaja.

Mama Jeannine anakaa juu ya jiwe la getini, shuka magotini. Huyu ni mgeni wa treni, hatolewi. Yule ni mama aliyeahidiwa, hawezi kurudishwa. Kila mmoja anataka kumwachia mwenzake nafasi, na akimkubalia yeyote kati yao, atakuwa amevunja neno lake.

Halafu anasimama. Anaingia ndani, anatoka na begi la Zébédée, anampa Émerence juu ya ukuta. Anatoka na godoro, analipitisha pia. Zébédée atalala sebuleni kwa Émerence, na faranga za chumba, toka leo mpaka treni ifike, zitakuwa za Émerence.

"Mukatoliki analaza mugeni wa Mumethodisti," anasema Émerence, akilivuta godoro. "Padri akiniuliza, nitamwambia ni treni."

Mama Jeannine anatandua shuka zote za chumba cha pili, anazitia majini. Anadeki sakafu, anafungua dirisha. Anatandika upya chumba cha tatu, kilicho mbali zaidi. Anawasha mbabula. Bukari inapoanza kutoa mvuke ndipo anarudi getini.

"Mama Kapenda, ingia. Sasa ni nyumba yangu minyi peke."

Mama Kapenda anaingia. Anakula, ananawa, lakini haendi kupumzika. Anaburuta kikapu chake mpaka kwenye ukuta mfupi, anakaa akiupa mgongo. Anachagua samaki mkubwa kuliko wote.

"Mama Jeannine. Mwambie mukwe wangu nilisikia alitoa damu."

Zébédée amekaa chini upande wa pili, si mbali kuliko urefu wa mkono. Kila kitu anasikia. Hata hivyo Mama Jeannine anageukia ukuta na kusema: "Mama anasema alisikia ulitoa damu."

"Umwambie mama, ile ni kintu kidogo."

"Anasema ni kintu kidogo."

"Mwambie haiko kidogo. Damu yenye minyi nilimupatia ilimwagika. Ya yeye njo iliingia pale. Mwambie mutoto wangu sasa iko na damu yetu bote babili, na minyi sitawahi kumushukuru mu macho."

Mama Jeannine anageukia ukuta kupeleka maneno, anaweka mkono juu ya matofali.

"Amesikia," anaitika Émerence kutoka upande wa pili, taratibu. Siku hiyo yote ndiyo mara moja tu ambayo hakutia utani.

Mama Jeannine anainua samaki na kumpitisha juu ya ukuta. Mikono miwili inampokea.

Kwa siku hiyo na ya pili wanapeana zamu. Mama Kapenda yuko hospitali jioni hiyo na asubuhi ya Alhamisi, Zébédée anaingia baada ya saa saba, na Mama Jeannine anatembea kati yao na bakuli la chakula, akihakikisha mmoja ametoka kabla ya mwingine kukunja kona. Alhamisi saa tisa ya mchana treni inalia, ile ya Jumatatu. Zébédée anaondoka mbio. Mgeni aliyetandikiwa shuka tangu Jumapili anashuka humo humo, na anakuta kitanda hakina vumbi.

Ijumaa, Mama Jeannine anazungumza juu ya mpango wake. Nyuma ya nyumba kuna nafasi inayotazama barabara ya pili. Anataka kujenga pale chumba kimoja kinachojitegemea, chenye bati lake, bafu lake na geti lake. Amekwisha kuchoma matofali elfu mbili na mia sita ya udongo wa kichuguu. Fundi anataka matofali elfu nne. Mwezi mzuri unampa faranga kama laki nne, mwezi wa treni chache nusu yake, na mvua itaanza baada ya wiki tano au sita. Ikianza, fundi hajengi.

Zamani angesema mwaka ujao. Sasa hawezi. Talitha anataka mtoto abatizwe Noeli hapa Kamina, mahali alipozaliwa. Mama Kapenda amesema atakuja. Zébédée, kabla ya kukimbilia treni, alisema atakuja. Na kila mmoja amesema atalala kwa Mama Jeannine.

"Yeye na lori, yule na treni," anasema. "Siku gani, saa gani, hakuna mwenye kuyua. Njo maana nijenge. Saa yabo siwezi kuitengeneza. Mulango naweza."

Jumamosi asubuhi yuko nyuma ya nyumba, anapima kwa kamba. Mama Kapenda, ambaye bado saa yake ya kwenda hospitali haijafika, ameshika ncha ya pili.

"Hapa?" anauliza Mama Jeannine.

"Mbali kidogo. Ni mukwe, mama."

Mama Jeannine anasogea hatua tano, mpaka karibu na barabara. "Hapa?"

Mama Kapenda anatazama kutoka pale mpaka nyumbani, anatazama tena, halafu anatikisa kichwa.

"Apana. Ile ni mbali sana. Mutoto akilia usiku kwa babake, nisikie."

Mama Jeannine anarudi hatua mbili, anapiga kigingi.